Gitaa la Umeme la Mtumba: Mwongozo Kamili wa Kulikagua, Kulipanga, Kulitengeneza na Kulihifadhi

Gitaa likikaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa mwaka mzima bila kuguswa na fundi, shingo husogea, skrubu huota kutu na nyuzi huanza kukwaruza kwenye freti, vile vipande vya chuma vinavyovuka shingo. Mwenye nalo huamini limekufa. Ama huliuza kwa bei ya kutupa, ama huanza kuagiza pikapu za gharama (vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) akitumaini sauti itarudi. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Gitaa halijapangwa tu, na kulipanga ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye rula, bisibisi na subira.

Mwongozo huu unafuata mfuatano ambao nakuomba usiuruke: ukaguzi, shingo, kimo cha nyuzi, urefu wa nyuzi, umeme, kisha ndipo urembo. Anayeanza na rangi au pikapu hurudia kazi, kwa sababu ukigusa shingo unavuruga vipimo vyote vinavyoifuata. Kanuni ya pili ni hii: kila unachokitoa kwenye gitaa kihifadhi, hata skrubu iliyochakaa, ili lolote ulilolifanya liweze kurudishwa kama lilivyokuwa.

Mfano wangu ni Stratocaster na nakala zake. Fender waliitoa mwaka 1954, na umbo lake limeigwa na viwanda vingi mno, ndiyo maana ndilo gitaa utakalolikuta kanisani, kwenye bendi na kwenye maduka ya mtumba. Shingo yake imefungwa kwa skrubu, karibu umeme wake wote umekaa kwenye bamba moja la plastiki, na vipuri vyake havikosekani. Mtu anayejifunza hatapata gitaa jepesi kulifungua kama hilo. Les Paul ya Gibson, iliyotoka 1952, ina shingo iliyogundishwa na vipimo tofauti kidogo. Pale inapotofautiana nitasema.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

Lishike gitaa kama seremala anayekagua ubao: kichwa karibu na jicho, utazame ukingo wa shingo kuelekea mwilini. Mpindo mdogo wa mbele ni sawa, tena unatakiwa. Mpindo wa kurudi nyuma unarekebishika. Usichotaka kukiona ni shingo iliyojinyonga, yaani upande wa uzi mnene umepinda na wa uzi mwembamba umenyooka. Shingo ya namna hiyo iache dukani, hata muuzaji akipunguza bei.

Kisha tazama tundu la nondo. Ndani ya shingo kuna nondo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi, na nati yake hupatikana kichwani au kwenye kisigino cha shingo. Kama meno ya tundu yameliwa na alenki, mtu amewahi kulazimisha. Muulize muuzaji kama inazunguka. Akisita, hesabu gharama ya shingo nyingine kwenye bei yako.

Pitisha kidole juu ya freti tatu za kwanza. Chini ya nyuzi nyembamba utahisi mabonde. Mabonde ya kina kidogo huondoka kwa tupa na msasa. Yale yanayokaribia mbao yanadai freti mpya, na hiyo ni kazi ya fundi mzoefu.

Sasa umeme, na hapa maltimita, yaani kipimo cha umeme, itakusaidia hata kama dukani hakuna ampli. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua volyumu hadi mwisho, na upime upinzani kati ya ncha ya plagi na shina lake. Pikapu nzima ya koili moja itasoma kiloomu 5 hadi 7 hivi. Pikapu ya koili mbili, ile iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950 ili kuua mngurumo wa umeme, husoma 7 au 8, na nyingine hupanda zaidi. Sogeza swichi ili usome kila pikapu peke yake. Ukiona pikapu moja inasoma karibu 250, koili yake imekatika. Unachopima ni poti ya volyumu tu, yaani kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu. Maltimita ikiwa kwenye skeli ya kiloomu 200 itakuonyesha 1 upande wa kushoto, kwa hiyo pandisha skeli hadi megaomu 2 kabla ya kuhukumu.

Mwisho, pima kutoka nati, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki nyuzi zinapopita kuingia kichwani, hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Stratocaster inatoa milimita 648, Les Paul 628 hivi. Kipimo kikiwa hakilingani na mahali daraja, yaani chuma kinachoshika nyuzi mwilini, lilipofungwa, mtu ameunganisha shingo ya gitaa moja na mwili wa jingine, na hutaweza kulityuni likatulia.

Vifaa

Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita. Fila geji, ambayo utaipata kwenye duka lolote la spea za magari kwa sababu mafundi huitumia kupimia vali na plagi. Alenki seti mbili, ya milimita na ya inchi, maana magitaa ya Marekani hutumia inchi na ya Asia mara nyingi milimita; alenki inayokaribia kutosha ndiyo inayoua meno ya nondo. Bisibisi za nyota, ndogo na ya wastani. Kapo, yaani kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja. Maltimita. Chuma cha kuchomea risasi cha wati 40, na risasi nyembamba yenye dawa ndani yake. Maduka ya elektroniki ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi yanayo haya yote. Tyuna ya simu inatosha kwa kutyuni, ila katika hatua ya urefu wa nyuzi tumia tyuna halisi ya kubana kichwani au ya kuchomeka.

Hatua ya 1: Safisha, kisha weka nyuzi utakazozitumia

Toa nyuzi za zamani. Ubao wa freti ukiwa mweusi au wa kahawia usio na vanishi, futa uchafu kwa kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya limau, kisha ukaushe. Ubao mweupe wenye vanishi unahitaji kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Chagua nyuzi sasa hivi, usingoje mwisho. Namba 9, yaani seti ya inchi 0.009 hadi 0.042, ni laini na humpendeza anayevuta nyuzi akipiga solo. Namba 10, ya 0.010 hadi 0.046, ina mwili zaidi na haichoki upesi mkononi mwa mpiga rizimu. Ukibadilisha namba baadaye, mvuto kwenye shingo unabadilika na itakubidi upime kila kitu upya. Zizungushe nyuzi kwenye vigingi zikishuka kwenda chini, mizunguko miwili au mitatu kwa zile nyembamba. Zivute kwa vidole juu ya mwili, tyuni, vuta tena, mpaka ziache kulegea. Vipimo vyote vinavyofuata vinachukuliwa gitaa likiwa limetyuniwa. Ukipima nyuzi zikiwa zimelegea unajidanganya.

Hatua ya 2: Shingo

Weka kapo kwenye freti ya 1. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 17. Uzi sasa umekuwa rula yako. Ingiza jani la fila geji la milimita 0.25 kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Likipita likigusa kidogo bila kuunyanyua uzi, shingo iko sawa. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, shingo imepinda mbele. Isipokuwepo nafasi kabisa, imenyooka mno au imerudi nyuma, na freti za mwanzo zitakwaruza.

Kukaza nondo, yaani kuizungusha kulia ukiitazama nati yake uso kwa uso, hunyoosha shingo. Kulegeza kushoto huiruhusu ipinde mbele. Zungusha robo ya mzunguko, isizidi. Kabla ya kukaza, legeza nyuzi kidogo ili nati isipambane na mvuto wote. Kisha tyuni tena, upime tena. Mbao haitii papo hapo. Ukishakaribia kipimo, liache gitaa hadi kesho yake ndipo umalizie. Nati ya nondo ikigoma, usiongeze nguvu. Nondo iliyokatika ndani ya shingo haitengenezeki kirahisi, na hapo ndipo pa kumtafuta fundi.

Pwani, pima shingo mara mbili kwa mwaka: masika yakiwa yameshika, na tena kiangazi kikikolea. Unyevu wa hewa unaofaa gitaa ni asilimia 45 hadi 55, na mji wa pwani huupita huo sehemu kubwa ya mwaka. Mtu wa Iringa au Nakuru ana shida ndogo kidogo, lakini akilileta gitaa Zanzibar kwa tamasha alipatie siku kadhaa za kuzoea kabla hajagusa nondo.

Hatua ya 3: Daraja na kimo cha nyuzi

Katika Stratocaster, daraja limeshikwa na springi zilizo nyuma ya mwili ili mkono wa tremolo uweze kulitikisa. Fender hupendekeza daraja lielee, nyuma yake pakiwa na nafasi ya milimita 3 hivi. Mimi nina msimamo wangu hapa: kama unapiga dansi, rumba au nyimbo za kwaya na mkono wa tremolo uko kwenye begi, lilaze daraja. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili ndefu zinazoshika kulabu ya springi mpaka daraja likae bapa juu ya mwili hata ukivuta uzi kwa nguvu. Gitaa litashika tyuni vizuri zaidi, na uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, tano zilizobaki hazitapoteza tyuni.

Daraja likishatulia, ondoa kapo na upime kimo kwenye freti ya 17, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Milimita 1.6 kwa nyuzi zote mbili za pembeni ni mwanzo mzuri. Magitaa yenye ubao wa freti uliobinuka zaidi, kama ya miaka ya 1950 na 1960 na nakala zake, yanataka 2, kwa sababu uzi mwembamba ukivutwa juu ya ubao uliobinuka hugusa freti za mbele na kuzimika. Kwa Les Paul pima kwenye freti ya 12: milimita 2 upande mnene, 1.2 upande mwembamba.

Kila kikalio cha uzi darajani kina skrubu mbili ndogo za alenki. Panga kwanza nyuzi mbili za pembeni, kisha zile nne za katikati zifuate mbinuko wa ubao. Piga kila freti ya kila uzi kwa nguvu unayopigia jukwaani. Mpiga rizimu mwenye mkono mzito asione haya kupandisha hadi milimita 2. Nyuzi zilizolala sana huonekana za kifahari, lakini huiba sauti.

Hatua ya 4: Nati

Bonyeza uzi nyuma ya freti ya 3, halafu utazame juu ya freti ya 1. Pawe na nafasi ndogo mno, kama unene wa nywele; ukiugonga uzi hapo usikie mlio hafifu wa kugusa chuma. Nafasi ikiwa kubwa, nati iko juu na freti za kwanza zitatoa sauti iliyopanda hata gitaa likiwa limetyuniwa sawasawa. Hii ndiyo sababu ya wapigaji wengi kusema gitaa lao "halikubali tyuni" karibu na kichwa.

Mfereji wa uzi unachongwa kwa tupa maalumu zenye unene wa uzi. Bei yake ni kubwa, lakini kuna njia ambayo mafundi wa gitaa wa nchi nyingi huitumia: seti ya vile vijiti vya chuma vyenye meno ambavyo wachomeleaji wa gesi husafishia midomo ya tochi. Vina unene tofauti tofauti na huuzwa maduka ya vifaa vya kuchomelea. Chonga mfereji ukishuka kuelekea kichwani, ili sehemu ya juu kabisa iwe upande wa freti. Chonga kidogo, pima, chonga tena. Ukipitiliza, kwangua unga wa mfupa, ujaze mfereji, dondoshea gundi kali, acha ikauke na uanze upya.

Nati ya plastiki ikichakaa, tengeneza ya mfupa. Omba muundi wa ng'ombe buchani. Uchemshe, toa uboho na mafuta yote, loweka kwenye maji ya sabuni na baadaye kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, kisha uanike kivulini hadi ukauke kabisa. Mfupa wenye mafuta hutoa harufu na haushiki gundi. Kata kipande kwa msumeno wa chuma, kiwekee chini msasa uliolazwa juu ya kioo, na ukisugue mpaka kiingie kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Mkwaruzo wa penseli laini ndani ya kila mfereji utauacha uzi uteleze wakati wa kutyuni.

Hatua ya 5: Urefu wa nyuzi na pikapu

Piga haramoniki juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi kidogo bila kuubonyeza na uupige, halafu bonyeza uzi palepale na upige tena. Tyuna isome sauti moja. Ile iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni kila baada ya kusogeza. Ukiona kikalio kimefika mwisho na sauti bado haijakaa, badili uzi kwanza. Uzi mzee wenye kutu hauwezi kupangwa.

Pikapu: bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na upime kutoka kwenye sumaku hadi chini ya uzi. Kwa pikapu za kawaida za Stratocaster anza na milimita 2 upande mnene na 1.6 upande mwembamba, na uende chini kidogo kama sumaku ni kali. Sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi wenyewe, na nyuzi nene hutoa mlio wa ajabu unaoyumba kama ziko nje ya tyuni. Wengi hulaumu nati kwa kosa hili.

Freti zilizopanda

Ukishapanga kila kitu na bado sehemu moja inakwaruza, kuna freti iliyopanda. Kata kadi ngumu ya zamani ya plastiki vipande vya urefu tofauti, vya kukalia freti tatu tatu. Simamisha ukingo juu ya freti tatu. Ukiyumba, ya katikati iko juu. Gonga kwa nyundo ya plastiki, pengine imenyanyuka tu kutoka kwenye mbao. Isiposhuka, ziba ubao kwa tepu ya karatasi, paka freti wino wa maka, sugua kwa tupa bapa mpaka wino uishe juu ya ile iliyozidi, kisha urudishie mviringo wake na upitishe msasa wa 400, 600, 1000 na 2000. Ziba pikapu kabla ya kuanza. Chembe za chuma zikinaswa na sumaku hazitoki.

Umeme

Kwanza usalama. Mzunguko wa ndani ya gitaa la kawaida hauna umeme wa kudhuru, lakini nyuzi zimeunganishwa na daraja, daraja na waya wa athi, na waya huo unafika hadi kwenye bodi ya ampli. Kama unapigwa shoti ukigusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja, tatizo liko kwenye ampli au kwenye soketi isiyo na athi. Usikate waya wa daraja ili kuificha shoti. Ampli ya mtumba kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hapa ni 230 au 240, kwa hiyo inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha. Na ampli za balbu, zile za valvu za kioo, zina kapasita (vihifadhi chaji) zinazobaki na mamia ya volti hata zikiwa zimechomolewa. Zipeleke kwa fundi anayezijua.

Ndani ya gitaa, magonjwa ni machache. Mikwaruzo unapozungusha volyumu ni uchafu kwenye poti: nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti kwenye kitundu kilicho juu ya miguu yake na uizungushe mara nyingi. Sauti inayokatika ukigusa kebo ni jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo, iliyolegea. Usikaze nati yake kwa nje peke yake, maana jeki nzima huzunguka na kukata waya; shikilia kwa ndani. Mngurumo unaotulia ukishika nyuzi ni tabia ya pikapu za koili moja. Mngurumo unaoongezeka ukishika nyuzi ni waya wa athi uliogeuzwa au uliokatika.

Pikapu iliyosoma 250 usiitupe. Koili hutengenezwa kwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na hewa ya chumvi huula. Mara nyingi umekatika pale mwisho wake ulipochomewa. Tazama kwa lenzi penye tundu la kuchomea: ukiona ukijani wa kutu na ncha iliyoachia, kwangua kwa upole, gusa kwa risasi nukta moja, pima tena. Kama imekatika ndani, inaweza kusukwa upya. Koili ya aina hii ina mizunguko karibu 8,000, na wasukaji wa mota wazuri wanaweza kuifanya wakipewa waya sahihi.

Ukibadili vipuri, zingatia thamani. Pikapu za koili moja huenda na poti za kiloomu 250, za koili mbili na 500. Ukiweka 500 kwa koili moja sauti hukata masikio. Kapasita ya toni huwa mikrofaradi 0.022 au 0.047; kubwa hufunika sauti zaidi. Chora au piga picha waya zote kabla ya kuachia hata mmoja. Pasha joto mguu wa poti kwanza, risasi iyeyuke kwa kuugusa mguu, si kwa kuugusa chuma chako. Kiungo kizuri hung'aa na kuwa laini. Kilichofifia na kuvimba kirudie.

Badiliko moja dogo ninalompendekezea kila mpiga solo wa dansi: chomea kapasita ya nanofaradi 1 sambamba na rizista ya kiloomu 150 kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa poti ya volyumu. Kawaida ukipunguza volyumu, ule ung'avu wa juu hupotea. Kwa kipande hiki unaweza kushuka wakati mwimbaji anaimba na bado sauti ikabaki safi, halafu ukafungua sebene ikianza. Hakitoboi wala hakichongi chochote.

Urembo na mbao

Skrubu inayozunguka bure kwenye tundu, hasa ya kushikilia mkanda: chovya vijiti vya meno kwenye gundi ya mbao, jaza tundu, kata, acha siku moja, funga upya.

Rangi mpya inafaa kwa gitaa la kawaida ambalo rangi yake imeharibika. Sugua kwa msasa wa 220 hadi 400, paka sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, kisha tabaka nyembamba nyingi. Rangi za magari zenye kigumu hutoa matokeo mazuri, ila mvuke wake ni sumu. Mpelekee mpiga rangi wa gereji mwenye barakoa ya kweli. Msimu wa mvua usipulize, rangi hunasa unyevu na kufifia.

Tuna mbao zetu pia. Mninga hutoa mwili mzuri wa gitaa. Mpingo, mgumu kiasi cha kuzama majini, unafaa kwa ubao wa freti na vitufe, mradi uufute kwa asetoni kabla ya kugundisha kwa sababu ya mafuta yake. Jua sheria: jamii yote ya mpingo iliwekwa mwaka 2017 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika na vipuri vyake vilivyokamilika vimesamehewa. Ubao mbichi wa kuvusha mpaka bado unahitaji kibali.

Kukusanya

Gitaa la zamani na la asili usilipake rangi, usilitoboe, usilisugue. Uzee wake ndio ushahidi wake, na rangi mpya huangusha thamani vibaya hata ikipakwa kwa ustadi.

Jifunze kusoma dalili. Stratocaster za 1954 hadi katikati ya 1959 bamba lake la plastiki lina skrubu 8, baadaye 11. Kichwa kikubwa kilidumu toka katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Namba ya Fender ilikuwa kwenye bati la shingo mpaka 1976, ikahamia kichwani. Gibson, kuanzia 1977, walipiga namba za tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. Ndani, geuza poti. Namba kama 1376632 inasema: 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, 32 ni wiki. Ukikuta 304, ni kiwanda cha Stackpole. Poti haithibitishi gitaa zima, lakini gitaa linaloitwa la 1962 lenye poti ya 1966 linakudai maelezo.

Kwetu kuna kitu kingine cha kukusanya ambacho soko la nje halikijui. Bendi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 hazikumiliki ala zao. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za mashirika, majeshi au wafanyabiashara. Kwa hiyo gitaa la wakati huo linaweza kuwa na herufi za taasisi au namba ya mali iliyopakwa kwa brashi mgongoni. Usiisugue. Ni yenyewe inayolitofautisha na maelfu ya magitaa ya kiwanda kile kile. Mtafute aliyelipiga, mrekodi akisimulia, omba kunakili picha yake akiwa nalo jukwaani, na uhakikishe pia kuwa aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuliuza.

Liweke kwenye kasha lenye vipakiti vya silika, mbali na ukuta unaopigwa na jua, nyuzi zikiwa zimetyuniwa kwa sababu shingo ilijengwa kubeba mvuto huo. Futa jasho kila baada ya kupiga. Kausha au badilisha vipakiti kila vinapoloa.

Kila gitaa liwe na daftari lake ndani ya kasha: tarehe ya kila kipimo cha shingo na kimo, namba ya nyuzi, ulichobadili, na bahasha ya vipuri vilivyotolewa, vikiandikwa vilitoka wapi. Siku ya kuliuza, mkabidhi mnunuzi vyote, na bei uipange kwa kumwonyesha ukurasa baada ya ukurasa.